Afisa Aliyekuja Kupima Baridi Yetu

Serikali ya hapa Brussels ina huruma, sikatai. Ila huruma yake hufanya kazi kwa miadi, asubuhi tu, na Jumatano imefungwa. Ukitaka ikusaidie kununua mazuti, mafuta ya kupasha nyumba joto, unajaza fomu, unaambatanisha karatasi za mapato, kisha unamsubiri afisa wa ustawi wa jamii aje kuhakikisha kwa macho yake kwamba wewe ni maskini kweli.

Mwaka ule tangi letu lilikuwa limebakiwa na mazuti ya chini kabisa. Nilikuwa naishi na mama yangu, mjane aliyetoka Lubumbashi na kifua kibovu, katika nyumba ya kupanga ambayo madirisha yake hayafungi sawasawa. Daktari alishasema wazi kwamba mapafu yake hayatahimili baridi nyingine kama ya mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa nafanya usafi maofisini nusu siku, na mshahara wangu ulijua kufika tu, kukaa haukujua. Nikajaza fomu.

Barua ikaja: afisa atafika nyumbani Alhamisi, saa tano asubuhi. Kosa langu lilikuwa kumwambia mama mapema. Jumatano alikuwa ameshatundika mapazia ya harusi ya dada yangu, na ananituma kwa majirani wa juu na wa chini kuazima hita za umeme.

"Mama," nikamwambia, "huyu anakuja kuona kama tunasikia baridi. Tumwache aione."

Alinitazama kana kwamba nimesema tumpokee uchi.

"Mugeni aingie mu nyumba ya baridi? Atasema tuko bantu ya namna gani? Weye, donc, nani alikufundisha vile?"

Ningeweza kukataa kwenda. Sikukataa, kwa sababu na mimi, kusema kweli, niliona haya. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Alhamisi mama aliwasha kila kitu. Mazuti ya mwisho, yale tuliyokuwa tunayabania kwa ajili ya maji ya kuoga, yaliungua yote kwa heshima ya serikali. Hita za majirani zikanguruma sebuleni. Jikoni kulikuwa na bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga, na mvuke ukajaa mpaka kwenye korido. Mama alivaa kitenge kipya na kilemba, akajipaka poda mtu asione kwamba ni mgonjwa.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, ameshika faili kifuani. Alipoingia tu, miwani yake ikaingia ukungu. Akavua koti. Baada ya dakika kumi akavua na sweta. Mtu kaja kupima baridi yetu, anafuta jasho. Alieleza kwa Kifaransa kwamba kanuni zao hazimruhusu kupokea chochote, mama akamjibu kwamba na nyumba hii ina kanuni zake. Akala sahani mbili. Nilimwona akiandika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anatoa mwiba wa samaki mdomoni.

"Je, Madame, huwa mnasikia baridi humu ndani?" akauliza.

Sasa mgeni anakula. Kumlalamikia shida zako wakati huo ni kumnyang'anya tonge.

"Baridi?" mama akacheka. "Jamais, papa! Hata siku moja!"

Nikasema hita ni za kuazima. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, akamwambia afisa kwamba mimi napenda utani tangu utotoni. Kijana wa watu aliondoka na sombe ya kula jioni, ndani ya kopo la aiskrimu.

Baada ya wiki tatu barua ikafika. Ombi limekataliwa: nyumba ina joto la kutosha, na dalili za uhitaji hazikuonekana. Afisa hakudanganya hata neno moja.

Wakati huo barafu ilikuwa imeshika vioo kwa ndani. Mama alilala na koti, na akikohoa alishika ukuta ili asianguke. Niliogopa. Nikapeleka cheti cha daktari, nikaomba ukaguzi mwingine, nikapewa. Mara hii nilimwekea mama masharti: hakuna kuwasha, hakuna kupika, hakuna poda.

"Na chai?" akauliza.

"Hata chai."

Alikuja yuleyule, na lile kopo ameliosha vizuri. Mama alilipokea, akaketi nalo mapajani, kichwa wazi, mvi zote nje, blanketi mbili mabegani. Safari hii afisa hakuvua koti. Akauliza maswali, mama akayajibu yote huku akitazama sakafu. Ndiyo, tunasikia baridi. Ndiyo, nalala na koti. Hapana, hatuna mtu wa kutusaidia. Dakika kumi na mbili, kazi imekwisha. "Sasa naelewa," kijana akasema, na nadhani alifurahi kwa dhati kwamba hatimaye tumekuwa maskini wa kueleweka. Mimi nilitaka kumpiga kwa faili lake, na badala yake nikamshukuru.

Wiki iliyofuata lori likaja likajaza tangi. Tuna joto halali sasa, joto lenye muhuri. Kifua cha mama kimetulia, daktari ameridhika, na mimi nashukuru, sitaki unafiki. Lakini akina mama wa kanisani, waliozoea kupita kwetu kila Jumapili baada ya misa, wakibisha hodi siku hizi, mama anainuka, anaingia chumbani na kufunga mlango.

"Ambia bale bamama siko," ananinong'oneza. "Ule moja wa serikali alishaniona vile. Inatosha."