Hina ya Arusi Isiyokuwa

Shida ilinianza mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kumi. Baba alikuwa hamali bandarini. Siku moja alikwenda kazini akarejeshwa juu ya machela, na haikupita wiki tukamzika. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mama aliifua yunifomu yangu, akaikunja, akampa mtoto wa jirani. Kisha akanipeleka kwa bibi mmoja papa hapa Kuze, katika Mji wa Kale, aliyekuwa akitia hina mabibi arusi, nikamtumikie. Mshahara wangu ulikuwa chakula.

Nilitwanga majani ya hina, nikayachunga kwa kitambaa. Unga ukiwa na chembe, bibi aliumwaga nikaanza upya. Yeye alichora kwa kijiti cha chelewa. Mimi leo nachora kwa koni ya nailoni kama wenzangu, na sioni haya. Maua kila mtu ataiga. Alichonifunza yule bibi ni mkono wa nani upandishwe hadi wapi. Mwari atiwe ncha za vidole na duara la kiganja, basi. Mke wa mtu, mpaka kifundo. Bibi arusi peke yake ndiye apandishwe hadi kiwiko. Aliye edani hatiwi kabisa. “Ukikosea hapo,” akiniambia, “umesema uongo juu ya mwili wa mtu, na mji mzima utausoma.”

Watu wakitaja sanaa ya Mji wa Kale hutaja milango. Wageni husimama mbele ya mlango wa mtu wakapiga picha, wakenda zao. Sawa, mlango ni mzuri, wala sina ugomvi na maseremala. Lakini mlango hauna haya. Kazi yangu mimi huenda sokoni, hupokea chenji, hupeana mikono msibani. Baada ya wiki tatu imekwisha, na katika wiki hizo tatu imeshasema yote iliyotumwa kusema.

Miaka michache nyuma nilimtia hina binti mmoja wa mtaani kwetu. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Baba yake alikwisha kufa. Alilelewa na mamake, mpishi wa viazi karai. Alikuwa amesomea ualimu wa chekechea, na shule moja ya Tononoka ilikuwa imempa kazi. Nikaha ilikuwa Ijumaa, shule zinafunguliwa Jumatatu. Alimwambia bwana arusi na mwalimu mkuu maneno yale yale: fungate itangoja likizo. Nilimpenda kwa hilo.

Nilimtia Alhamisi baada ya adhuhuri. Mikono yake mirefu, ngozi haina doa, na nilichora kama mtu aliyepewa ukuta mweupe akaambiwa fanya utakavyo. Mawimbi kutoka kiwikoni yakashuka, majani ya mkorosho yakayapokea, na viganja nikavijaza pindo za leso. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikawaambia wanyamaze, mkono wangu usitetereke.

Ijumaa asubuhi alikuja ami yake bwana arusi na wazee wawili. Hawakuketi. Walisema mama wa kijana hakuridhia, na posa wanaiondoa kwa heshima. Kilichokuwa nyuma ya hayo sikukijua, na mpaka leo sijakiuliza.

Niliitwa mbio. Nilimkuta mama wa binti jikoni amemtia mwanawe mikono ndani ya beseni, anamsugua kwa dodoki, chumvi na ndimu. Binti hakuwa akilia. Alikuwa akitazama ukuta.

“Wewe ndiye uliyeitia, bibi,” mama akanambia. “Itoe.”

“Hina haitolewi, mwanangu. Hungojwa iishe.”

“Na dawa ya kung’arishia nguo?”

“Itatoka pamoja na ngozi. Unataka mwana asiye na arusi, au mwana asiye na mikono?”

Akaendelea kusugua. Rangi ilikuwa bado ya chungwa, naye akafurahi, akadhani inakwisha. Hakuna mwanamke wa Kuze asiyejua kwamba hina haikomai siku ya kwanza. Yeye mwenyewe ametiwa, na dadaze wametiwa. Lakini uchungu ulimsahaulisha. Jumamosi nilirudi kwao kuangalia: mikono ya binti ilikuwa myeusi kama zambarau mbivu, kila jani limesimama wazi, na mama akapiga ukelele kama aliyeona nyoka.

Hapo ndipo alipotoa hukumu: binti asitoke mpaka hina ife. Shuleni wapelekewe habari kwamba anaumwa.

Binti akauliza, “Wiki tatu, mama? Watamchukua mwingine.”

“Wamchukue! Utapita vipi na mikono hiyo? Kila mtu atakuuliza mume yuko wapi.”

“Ntavaa glavu.”

“Kwa joto hili? Watasema umeungua.”

“Afadhali waseme nimeungua.”

Neno lile lilinichoma. Kazi niliyoifanya nikiwa na furaha ilikuwa imegeuka kovu la kufichwa. Nilirudi kwangu bila kuaga.

Nikachunga unga, nikakanda, nikakaa chini. Mkono wa kushoto niliuchora vizuri. Wa kulia niliuchora kwa kushoto, mistari ikenda kombo kama ya mtoto. Michoro ni ile ile ya binti: mawimbi, majani, pindo. Hadi kiwikoni. Mimi ni mtalaka wa miaka mingi, na mtalaka wa umri wangu hapandishi hina hivyo. Kwa kanuni ya yule bibi nilikuwa nimesema uongo, tena kwa makusudi. Sikuona njia nyingine. Mji uliozoea kusoma mikono usingeacha kuisoma kwa kuombwa. Ilibidi upewe mikono isiyosomeka.

Jumatatu alfajiri nilibisha hodi. Mama alifungua, akaiona mikono yangu, akashika mlango.

“Bibi, utatuchekesha na watu.”

“Washacheka. Leo wacheke na mimi.”

Binti alikuwa ameshavaa, na glavu zimo mkononi. Aliitazama mikono yangu. Akaziweka juu ya meza.

Tukatoka kwa miguu. Kibarazani walikuwa wameshakaa wanywa kahawa, na mmoja wao, mtu mzima mwenye ulimi, hakuweza kujizuia.

“Sabalkheri, bibi! Umeolewa lini bila kutualika?”

“Nimeolewa na babako. Niamkie vizuri.”

“Babangu ni marehemu, bibi!”

“Ndiyo maana hanisumbui.”

Wakaangua kicheko, na kicheko kikaniangukia mimi kama nilivyotaka. Binti alipita kando yangu, mikono yake nje ya buibui. Lakini sitadanganya kwamba wote walicheka. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua mkate walimtazama kiwiko mpaka tukapinda kona. Binti hakupunguza mwendo.

Tononoka mwalimu mkuu alitupokea langoni. Mwanamke wa bara, mpole. Aliona mikono minne, akatabasamu.

“Arusi ya nani?”

Nilifungua kinywa nimjibu. Binti alinitangulia.

“Ilikuwa yangu, mama. Haikuwa. Nimekuja kuanza kazi.”

Mwalimu mkuu alimpa chaki, akamwonyesha mlango wa darasa. Nami nikarudi peke yangu, na hakuna aliyenitania njiani. Labda uso wangu ulionyesha kwamba mzaha umekwisha.

Yakanifika ya kunifika. Ilisemwa kwamba mkono wangu una nuksi, kwamba nilimtia hina mtu ndoa ikavunjika, kisha nikaichezea hina ya arusi kwa kujitia mwenyewe. Msimu ule mabibi arusi wa Kuze walikwenda kwa wengine. Baadhi walirudi baadaye, baadhi hawakurudi, na hao siwafuati. Yule binti bado anasomesha Tononoka. Hajaolewa. Akinipitia huniamkia kwa kunibusu mkono mbele za watu.

Nilivyonavyo leo, vyote vimetoka kwa hina: nyumba ya vyumba vinne Kuze, hati ina jina langu. Chumba cha chini nakikodisha kwa fundi wa simu. Tangi la maji darini. Friji. Cherehani. Bangili mbili za dhahabu. Kiwanja kidogo Kisauni, hakijajengwa. Na wateja, wachache kuliko zamani.