Maili Tatu Kuifuata Chai

Daktari mmoja wa Nakuru alichemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu ndani ya kichupa, nao ukageuka rangi ya matofali. Dresa, yaani msaidizi wake wa kufunga vidonda, aliyekuwa akitafsiri, alinieleza, kwa furaha isiyostahili, kwamba dawa ikibaki buluu mtu ni mzima. Mimi nilikuwa na matofali ya kutosha kujengea nyumba. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari. Niache sukari, nitembee kila siku, na si kwa wiki moja bali maisha yangu yote, la sivyo mguu ungekatwa kama ulivyokatwa wa baba yangu. Baba hakumaliza mwaka baada ya kukatwa. Niliogopa sana, na kwa kuwa nilikuwa karani wa ghala la mahindi, nilifanya lile ambalo karani mwenye hofu hufanya: niliandika azimio kwa wino mwekundu, nikalipigia mstari kwa rula.

Kesho yake nikanunua raba nyeupe. Jioni ya kwanza, kabla hata sijaanza kutoka jasho, askari akanisimamisha. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, na watu hawakuzurura ovyo.

"Unaenda wapi?"

"Natembea tu, afande."

"Natembea tu ni wapi?"

"Natembea kwa ajili ya tumbo."

Alilitazama tumbo, akazitazama raba, akaona kwamba hivi viwili havijuani. Nilikaa kwenye kibanda chao saa nzima mpaka meneja wangu alipokuja kunitoa. Huko nikaelewa kwamba mtu mweusi mwenye miguu ni lazima awe na mahali anakokwenda.

Mahali nikapapata: kwa dada yangu mkubwa, maili tatu kwenye barabara ya kupanda Dundori, ambako shemeji alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la mzungu. Meneja akaniandikia barua kwamba mwenye barua hii anakwenda kumwona dada yake. Kila jioni nikitoka kazini nilipanda kilima nikihema, nikakaa kidogo, nikateremka kabla ya giza. Dada sikumwambia habari ya ugonjwa. Yeye ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho, nami sikutaka anitazame kwa macho yale. Nilimwambia nimemkumbuka tu. Kwa ndugu aliyezoea kuonekana Krismasi peke yake, huo ulikuwa uwongo mkubwa, lakini alifurahi, akateleka chai.

Kwetu chai hupikwa yote pamoja, maziwa, majani na sukari ndani ya sufuria moja, kwa hiyo huna pa kuponyokea. Na kuikataa chai ya dada ni kumkataa dada. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, nikinywa kikombe cha kwanza kwa heshima, cha pili kwa undugu, na cha tatu kwa sababu kilikuwa kitamu. Mjini nilishika azimio langu barabara, maana nilijua jioni inakuja. Nilikuwa natembea maili sita kwa siku kuifuata sukari ambayo ningeikosa bure kwa kulala kitandani. Baada ya miezi miwili dresa akachemsha tena. Matofali. Nikafoka kwamba kichupa chake ni kichafu.

Kumbe raba nazo zilikuwa zimenichubua kisigino. Jioni moja nilivua kiatu kwa dada, na kidonda cha wiki tatu kilikuwa bado kibichi. Akainama, akakitazama kwa karibu. Akaniletea maji ya chumvi, akanifunga kitambaa safi.

Kesho yake chai haikuwa na hata chembe ya sukari.

"Imekwisha dukani," akasema.

Shemeji akanywa yake, uso umemkunjamana. Wiki nzima ikawa hivyo. Nikanunua pakiti mjini nikampelekea. Kesho yake akasema sisimizi wameingia. Nikaleta ya pili. Imemwagikiwa mafuta ya taa. Ya tatu, panya. Mimi, mwenye kilo za ziada na akili pungufu, nikamhurumia dada yangu kwa jinsi alivyogeuka mchafu.

"Dada, nyumba imekushinda," nikamwambia.

"Kweli, ndugu yangu. Kunywa."

Nikanywa, siku baada ya siku, miezi ikapita, kidonda kikafunga. Kisha siku moja kichupa kikachemka na kubaki buluu. Daktari akanipa mkono. Dresa akaniuliza siri yangu, nami nikawageukia wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nikawahutubia. Ni nia tu, niliwaambia. Mtu akiamua, ameamua. Mzee mmoja alinipigia makofi.

Jioni hiyo nilipanda kilima karibu mbio, maana sasa nilikuwa na ushindi wa kumsimulia dada. Nilimkosa; alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikaona nipike chai mwenyewe, nikafungua sanduku lake kutafuta majani. Chini ya leso zilikuwa pakiti zangu tatu za sukari. Hazikuwa zimefunguliwa. Hakukuwa na sisimizi wala harufu ya mafuta ya taa.

Dada akaingia na debe lake, akaniona nimezishika.

"Nilikijua kile kidonda siku ile ile," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Nilikumbuka hotuba yangu pale kwenye benchi, nikaona haya mpaka masikioni. Dada akatua debe, akachukua sufuria, akamimina maziwa.

"Baba alikuwa akiniomba vijiko vinne," akasema, amenipa mgongo. "Nilimpenda. Nilikuwa nikimwekea vitano."

Nilizirudisha pakiti chini ya leso, nikafunga sanduku. Chai ilipoiva nikanywa vikombe viwili, nikamwomba cha tatu.