Supu ya Jumatano

Harufu ya siagi inayoyeyuka pamoja na vitunguu vya majani hunirudisha kwenye nyumba moja ya matofali huko Cedar Hill, kusini-magharibi mwa Dallas, kiangazi nilichotimiza miaka kumi. Siku nyingine zote nyumba ile ilinuka vitabu vikuukuu, dawa ya kuchua na uji wa shayiri. Jumatano ilinuka supu. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Machakos kabla ya kuhamia Texas, na Texas ikamgeuza mtunzaji wa wazee, kama ilivyowageuza wenzake wengi. Shule zilipofungwa hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Baba alishinda kazini katika bohari moja huko Mesquite, tulikokaa, na Mama hakuwaamini majirani. Basi kila asubuhi alinipakia kwenye gari akaenda nami kazini, ingawa ofisi iliyomwajiri ilikataza kabisa mtumishi kuja na mtoto. Nilionywa nisiguse kitu, nisicheke ovyo, na msimamizi akibisha nijifiche bafuni. Niliyashika yote hayo isipokuwa la kwanza.

Mzee aliyetunzwa na Mama alikuwa amefundisha chuo kikuu maisha yake yote. Mama alimwita Profesa, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu aliyekonda, miguu imemwishia nguvu, na macho yake yalikuwa yakififia kiasi kwamba aliujua ukurasa kwa kuupapasa tu. Siku ya tatu alinifumania nikichomoa kitabu rafuni. Nikangoja kugombezwa, lakini akaniambia nikae, nifungue pale palipowekwa utepe, nisome kwa sauti. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi kama Mama, na niliringa nayo kuliko yeye.

Vitabu vyake vilikuwa vya tamthilia za Kiingereza za zaidi ya miaka mia nne iliyopita, enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, na kati ya hizo alipenda za aina moja tu, zile ambamo mke anamsaliti mumewe na mume anaishia kuuawa. Nilisoma bila kuelewa nusu ya maneno. Yeye alinisahihisha akiwa amefumba macho, kisha akanieleza kisa chenyewe polepole, kama mtu anayesimulia habari za mtaani. Alisema watunzi wengi wa wakati ule waliona ni wafalme tu wanaostahili kuliliwa jukwaani. Watunzi aliowapenda yeye walimchukua mfanyabiashara mwenye kitambi, mkewe, na jirani anayekuja kula kwao, wakaonyesha kwamba damu inaweza kumwagika jikoni kama inavyomwagika ikulu. Visa vingi vilitokana na kesi za kweli, na watu walilipa kiingilio wakaone yaliyowapata watu wa mtaa wa pili. Mke aliyemuua mumewe hakuhesabiwa muuaji tu, alihesabiwa mhaini, kana kwamba ameua mfalme, na sheria ilimchoma moto. Mtoto wa miaka kumi hahitaji zaidi ya hapo. Nilimhukumu mwanasesere wangu mara mbili kwa juma, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kusimama mlangoni nikimhimiza Mama tuondoke. Kitu kimoja tu kilinikera katika tamthilia zile, nami nikamwuliza Profesa: kwa nini mume hagundui? Alitabasamu. Akasema mume huwa anajua, au ameshaambiwa na watu watatu wanne, na kwamba kama kuna kitu kinachompungukia, si habari.

Sasa nieleze habari za Lorna. Lorna alikuwa mke wa Profesa, na alikuwa akiishi na mwanamume mwingine. Mwanamume huyo, Dale, alikuwa na ofisi jirani na ya Profesa huko chuoni, na kwa miaka mingi alikula mezani kwao kila Jumapili. Kwa nini hawakupeana talaka sikuwahi kujua. Hayo niliyasikia Mama akimweleza shangazi yangu wa Houston kwenye simu. “Ebu imagine,” alisema, “alienda na rafiki ya mzee, na kila Wednesday lazima amletee soup. Anakaa kidogo, anaenda. Na mzee anangojea hiyo siku kama Krismasi.” Ndivyo ilivyokuwa. Jumanne jioni Profesa aliomba kupunguzwa nywele, hata kama hakukuwa na cha kupunguza. Jumatano alinyolewa ndevu na kuvalishwa shati la buluu, akakaa mezani akiuelekea mlango tangu saa nne. Saa tano Lorna aliingia na sufuria iliyofunikwa kwa taulo. Dale hakuingia. Alibaki ndani ya gari injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi, maana joto la Texas halina huruma, na mimi dirishani niliona kiwiko chake tu. Ndani, Lorna na Profesa walizungumza habari za mbwa waliowahi kuwafuga, za paa lililovuja zamani, za watu waliokwisha kufa. Profesa alikula supu yote, akakwangua bakuli, akacheka. Sikumsikia akicheka siku nyingine yoyote.

Kwetu, anayeleta chakula huonja kwanza mbele ya anayekula. Bibi yangu alifanya hivyo, na Mama aliendelea kufanya hivyo hata Texas. Alichota kijiko kimoja cha uji wa Profesa, akanywa, ndipo akamsogezea bakuli. Hakuna anayemshuku mtu. Ni adabu tu, kama kunawa mikono. Profesa alipoelezwa maana yake alifurahi mno, akasema hajawahi kuheshimiwa hivyo katika nyumba yake mwenyewe. Lorna hakuonja. Aliweka bakuli, akaketi, akakunja mikono. Niliona hilo mapema sana.

Kisha nikaona la pili. Kila Alhamisi tulimkuta Profesa amekuwa wa kijivu, amejikunja, tumbo linamsokota, na mtunzaji wa zamu ya usiku alituachia rundo la mashuka machafu. Mama aliyaosha bila kusema neno. Ijumaa mzee alipata nafuu, Jumamosi alikula vizuri, na mpaka Jumanne alikuwa mzima wa kuomba kinyozi. Wakati huo tulikuwa tumefika mahali katika kitabu ambapo mke anakubaliana na mpenzi wake kumtilia mumewe sumu kwenye mvinyo. Nilisoma ukurasa ule, nikamtazama Profesa, nikayapanga mambo yangu kichwani: mke msaliti, mpenzi anayengoja nje, chakula kisichoonjwa, mgonjwa. Sikumwambia Mama. Nyumbani kwetu mtoto aliyemsingizia mtu mzima alipata alichokitafuta. Lakini niliogopa kweli. Usiniulize kama nilimpenda mzee yule. Nilikuwa tayari kuchapwa kwa ajili yake, na kwa umri ule sidhani kuna zaidi ya hapo.

Jumatano iliyofuata Mama alikuwa chumba cha kufulia. Lorna alimimina supu, akaweka bakuli mbele ya Profesa. Nikasogea, nikaweka kiganja juu ya bakuli, mvuke ukaniunguza kidogo.

“Onja wewe kwanza,” nikamwambia.

Lorna alicheka, akauliza kwa nini. Hapo ningeweza kutaja adabu ya kwetu, mambo yakaishia pale. Nikasema, “Kwa sababu kila ukimletea, anaumwa.”

Nilipogeuka nilimwona Mama mlangoni na taulo mikononi. Alikuwa amesikia yote, na uso wake sitausahau. Lorna naye aliiva uso. Alimwuliza Mama, si mimi, kama katika nyumba hii anadhaniwa mtu wa kutia watu sumu, na mtoto huyu yuko hapa kwa ruhusa ya nani. Kisha hakungoja jibu. Alivuta bakuli, akachukua kijiko cha Profesa, akaanza kula akiwa amesimama, kijiko baada ya kijiko, kwa hasira, machozi yakimtoka. Alikuwa amefika katikati ya bakuli Profesa aliponena.

“Ni maziwa, Lorna,” alisema taratibu. “Krimu. Tumbo langu haliwezi maziwa.”

Kijiko kikasimama. Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja. Nilijua hesabu hiyo kwa sababu Profesa aliitaja mara nyingi. Miaka yote hiyo Lorna alimpikia bila tone la maziwa, na sasa nilimwona akikumbuka, jambo moja baada ya jingine. Alikaa chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ndiyo supu anayompikia Dale. Humpikia sufuria kubwa, akamletea Profesa sehemu yake. Alikuwa amesahau kabisa.

“Najua,” Profesa akamjibu. “Ilikuwa tamu.”

Lorna alifunika sufuria na kuondoka nayo. Kutoka dirishani nilimwona Dale akiinama kumfungulia mlango, na gari lilikaa pale muda mrefu kabla ya kuondoka. Mama aliomba radhi kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Profesa alimwambia hakuna neno, akaomba alazwe ingawa ilikuwa bado mchana. Njiani kurudi Mesquite Mama alisema jambo moja tu, naye alilisema bila kunitazama: “Nani alikutuma?”

Juma zima tulingoja simu ya ofisi. Neno moja la Lorna lingetosha kumfukuzisha Mama kazi. Simu haikupigwa. Lorna naye hakuja tena. Jumatano iliyofuata Profesa alinyolewa, akavalishwa, akakaa mezani hadi saa sita na nusu. Ya pili yake alifanya vivyo hivyo. Ya tatu alisema ndevu zinaweza kungoja. Mimi nilikuwa na jibu langu: aliyekosa amejificha, na mgonjwa wangu amepona. Tumbo lilitulia kabisa. Alhamisi hapakuwa na mashuka. Muuguzi wa kumkagua aliandika kwamba mzee ameongeza uzito, akamsifu Mama. Nilijisifu kimoyomoyo, nikashangaa tu kwamba Profesa hakutaka tena tusome kile kitabu. Alisema ameshajua kinavyoisha. Agosti shule zikafunguliwa, na kabla ya baridi kuingia Mama akaniambia amefariki usingizini. Kwenye mazishi Lorna alikaa kiti cha mbele, mahali pa mke, na hakuna aliyemzuia.

Leo mimi ni muuguzi, Houston, na Mama anaishi nami. Wodini kwangu mambo ya aina hii hayana nafasi. Mgonjwa asichoweza kula kimeandikwa kwenye kompyuta, kwenye mlango na kwenye utepe wa mkononi. Jamaa wakija na vyungu vyao nafunua, naangalia, na kama hakifai nawarudishia kwa upole. Wakubwa wangu wananisifu kwa uangalifu huo. Kisa cha supu nimekisimulia miaka mingi kama kichekesho, juu ya mtoto aliyesoma mauaji mengi kuliko umri wake. Watu hucheka hasa nikifika pale pa “onja wewe kwanza”, nami huongeza, kwa unyenyekevu kidogo wa kujifanya, kwamba hata hivyo nilimponya mzee wa watu. Ilikuwa hadithi ya kosa dogo lenye mwisho mwema, na sikuona sababu ya kuichunguza zaidi.

Jumapili moja mwaka huu niliisimulia tena mbele ya wageni waliokuja kula chakula cha mchana. Walicheka. Mama hakucheka. Wageni walipoondoka alikuja kusimama karibu nami pale ninapooshea vyombo, akachukua sahani.

“Kwani wewe unafikiri sikujua ni maziwa?” akaniuliza. “Mimi ndiye nilikuwa naosha hayo mashuka. Nilijua from the first week.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

“Nilisema. Nilimwambia, Profesa, hii kitu inakuumiza, let me tell her. Akanishika mkono, akaniomba nisimwambie. Alisema akijua, ataona aibu, hatakuja tena.” Alisuuza sahani, akaiegemeza pamoja na nyingine. “So nikanyamaza. Alhamisi ilikuwa kazi yangu. Jumatano ilikuwa yake.”

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anavyosema ni nani aliyekufa kijijini, kisha akaenda kulala kidogo. Mimi nilibaki na maji yakimiminika. Kesho yake nilikuwa na zamu, na nilijua nitafunua vyungu vya watu kama kawaida, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka na ndivyo nilivyo. Ila nilipata uchungu ambao nilipaswa kuupata nikiwa na miaka kumi. Nilikausha mikono, nikatafuta kalenda ya mwaka ule kwenye simu, nikahesabu. Tangu siku ile mpaka alipofariki zilipita Jumatano kumi na tano, na hakuumwa tumbo hata mara moja.