Dirisha la Kadi na Neno DISTINCT

Nikiwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, niliambiwa kwamba sijui kutafuta. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha la kadi la hospitali ya misheni, milimani Mbinga, tangu ujana wangu, na kazi yangu yote ilikuwa kutafuta. Mgonjwa akifika namwuliza anatoka ntambo gani, yaani mgongo upi wa kilima, maana kwetu kila mgongo unakaliwa na ukoo mmoja. Kisha namwuliza mzee wa nyumba yao. Jina lake namwuliza mwisho, tena kwa adabu tu.

Kuanza na jina ni kupoteza muda. Mtoto wetu hurithi jina la bibi au babu, na jina la ukoo ni la mgongo mzima. Katika ntambo moja nilikuwa na wanawake wanne wenye majina mawili yaleyale. Mmoja akichomwa sindano ya penisilini anavimba koo mpaka anashindwa kupumua. Watatu hawana shida nayo. Kuwatofautisha hao wanne ndiyo ilikuwa kazi yangu, na namshukuru Mungu kwamba sikuwahi kukosea.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinageuzwa. Kahawa yetu ilianza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na magari yao, vyuo vya watu binafsi vikachipuka mjini, na wafadhili wa hospitali wakatuletea kompyuta mbili. Pamoja nazo likaja sharti: anayekaa kwenye kadi awe na cheti cha hifadhidata.

Sista mganga mkuu akaniita. "Baba, ukipata cheti utabaki dirishani. Usipopata nitakuhamishia getini. Sitakufukuza."

Nilimshukuru, maana angeweza kunifukuza. Lakini kijana mgeni atakayeketi mahali pangu angejuaje yule wa penisilini ni yupi?

Nikawa nakwenda Mbinga mjini kila Jumamosi, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la mabati. Mwalimu alikuwa kijana wa Songea, mpole, aliyeniamkia shikamoo kila mara kabla ya kunikosoa. Mashine zake zilikuwa na orodha moja tu ya kujifunzia: wateja wa duka la vitabu katika mji fulani wa Ulaya. Wiki baada ya wiki tuliwatafuta watu hao, ambao hawakuwa wagonjwa wala hawakuwa wamepotea.

"Sentensi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ni rahisi," alisema mwalimu. "Kwanza SELECT, unataja unachotaka kuona. Pili FROM, kutoka jedwali lipi. Mwisho WHERE, kwa sharti gani, kwa mfano mji anaotoka mteja."

Nikaanza na WHERE. Sikufanya kwa ubishi, mkono ulikwenda wenyewe, kwa kuwa miaka yote nimeanza na mahali mtu anapotoka. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba kuna kosa. Haikusema nimekosea nini. Nikageuza mpangilio, kosa. Nilikuwa nimesahau alama za kufungia jina la mji. Nikaziweka, na sasa haikusema chochote. Tukatazamana.

"Mzee, inakusubiri umalize," alisema mwalimu alipopita.

"Nimemaliza zamani."

"Hujaiambia. Weka nukta mkato mwishoni."

Nimefundisha katekisimu watoto wa komunyo ya kwanza kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba sala yake haikufika kwa sababu amesahau kusema amina.

Kando yangu aliketi mama mmoja, karani wa shule ya huko ziwani, Mbamba Bay. Alicheka mpaka akashika meza. "Hawa watani wetu wa milimani wana makuu," alisema. "Hata mashine wanataka iwaamkie kwanza."

"Na ninyi wa ziwani?"

"Sisi tunataka cheti, babu, turudi kwetu tukale samaki."

Mambo hayo yote niliyavumilia. Nililoshindwa ni neno DISTINCT. Mwalimu alituonyesha: ukiandika SELECT DISTINCT jina, kila jina linatoka mara moja tu. Orodha ikafupika mbele ya macho yangu.

"Wale wengine wamekwenda wapi?" nikauliza.

"Wapo, mzee. Walikuwa wanajirudia tu."

"Mtu hajirudii, mwalimu. Hao ni watu wenye jina moja."

"Kwenye mtihani wakisema bila kurudia, andika DISTINCT."

"Halafu mwenye kadi ya pili nimwambie nini? Kwamba ni mwenzake?"

Mama wa ziwani akanigusa kiwiko. "Babu, ni wanunuzi wa vitabu. Hakuna atakayekufa."

Siku ya mtihani swali hilo likaja: orodhesha majina ya wateja wote, jina lisirudiwe. Nilijua kilichotakiwa. Nikaandika DISTINCT, lakini nikaongeza namba ya kila mteja kando ya jina lake, hivyo wote wakatoka, pamoja na waliofanana majina. Nilitoka chumbani nikijiona nimetenda haki. Majibu yalipobandikwa, nilikuwa nimeanguka kwa swali hilo moja.

Nilikwenda ofisini kwa Sista na zile kadi nne mkononi, nikazipanga mezani. Alizisoma, akazirudia, akavua miwani.

"Hawa wote ni wa kwetu?"

"Ni wa ntambo moja, Sista."

"Nimekuelewa, Baba. Lakini cheti sikitoi mimi. Rudia mtihani, uwape wanachokitaka."

Nikarudia. Niliandika DISTINCT kama walivyotaka, sikuongeza kitu, na watu kadhaa wa mji ule wa Ulaya wakatoweka kwa mstari mmoja. Nilifaulu. Katika kitubio nililitaja jambo hilo. Padre aliuliza kama kuna aliyedhurika. Nikasema hapana, walikuwa wateja wa vitabu. Akanipa Salamu Maria moja, akaniomba siku nyingine nilete dhambi.

Kisha akaja fundi kuhamishia kadi kwenye kompyuta. Alikuwa na jedwali la wafadhili: jina, ukoo, kijiji, simu. Nikamwuliza ntambo itaandikwa wapi, na mzee wa nyumba.

"Haimo, mzee. Na jedwali siruhusiwi kuligusa."

"Hapo kwenye simu mnaandika nini?"

"Namba ya simu ya mgonjwa."

"Kwa wagonjwa wetu hawa?"

Alitazama foleni dirishani. Wengi walikuwa wametembea tangu alfajiri, na hakuna aliyekuwa na simu.

"Basi iandike hapo," akasema.

Kwa muda wa mwezi mzima niliingiza kadi zote, mimi mwenyewe, kwenye nafasi ya simu nikiandika ntambo na mzee wa nyumba. Wale wanawake wanne wakawa na mistari minne. Mkaguzi wa wafadhili alipokuja, aliuliza kwa nini namba zetu za simu ni majina ya vilima na wazee. Sista alimjibu kwamba huku ndivyo watu wanavyopatikana, akamwomba apishe, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya dirisha na wagonjwa walikuwa wanangoja.