Nilimwambia Nimepona

Mgongo ulianza kuniuma wakati wa sare za shule. Mimi ni fundi wa kushona hapa Baraka, na kila shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi huleta vitambaa vya buluu na vyeupe kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka vyake vitangulie. Nilikuwa nakaa kwenye mashini kutwa nzima, nimeinama, mguu ukikanyaga. Jioni nikitaka kusimama nashika meza kwanza, halafu nanyooka polepole kama bibi kizee.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa kwetu. Yeye anaishi Swima, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Mume wangu, ambaye ni mwanawe wa mwisho, muda mwingi yuko Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwauzia wachimbaji sabuni na unga, ndiye aliyemwomba mama yake aje anisaidie kuangalia watoto. Alikuja na kidumu cha mawese na furushi la ndagala, vile vidagaa vya ziwani, na tukaanza kuishi kwa adabu. Nasema adabu kwa sababu sipati neno lingine. Mimi natoka Fizi, huko juu mlimani, na yeye alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa jirani yake. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alinisalimu vizuri, alinishukuru kwa chakula, alicheka na wanangu. Lakini nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nikikaa kwenye mkeka, anasogea mpaka ukingoni, kama unavyompisha mtu usiyemjua.

Basi jioni moja akaniona nimeshika meza, siwezi kunyooka.

"Iko inakuuma wapi?"

"Mugongo, mama. Ni mashini tu."

"Kuya ulale hapa. Mi nitakukanda."

Swima nzima wanaijua mikono yake. Wanaume waliorudi kutoka ziwani na mabega yaliyokaza kwa kuvuta nyavu, wanawake waliobeba mihogo mpaka shingo ikakataa kugeuka, wote walikuwa wakienda kwake. Nilitandika mkeka chumbani, nikalala kifudifudi. Akapasha mawese kidogo juu ya makaa, akaanza. Mwanzoni ilikuwa raha, karibu nisinzie. Baada ya viganja akaja na viwiko, na baada ya viwiko akapanda na goti.

"Vumilia, mwana wangu. Mishipa imefungana."

Mwana wangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu niolewe. Akavuta pumzi, akanilalia na uzito wake wote upande wa kulia, chini ya bega, na kitu ndani yangu kikalia ko, kama kijiti kikavu.

"Umesikia?" akasema kwa furaha. "Njo ile! Imerudi pa fasi yake."

Nilisikia; yeye alidhani ni mshipa uliorudi mahali pake. Pumzi ilinikatika, machozi yakanidondoka kwenye mkeka, ila kwa kuwa uso ulikuwa chini hakuyaona. Aliponiuliza kama nimepata nafuu, nikasema, "Nimepona, mama. Aksanti sana." Akanipangusa mafuta kwa kikwembe chake alichojifunga kiunoni, akakaa hapo hapo karibu na kichwa changu, akaanza kunisimulia jinsi mama yake alivyomfundisha kazi hiyo, akiwa bado msichana, kwa kumkandisha miguu ya babu yake aliyekuwa mkali. Tulicheka. Nilipocheka ubavu ulinichoma kama kisu, nikajifanya nakohoa, na kukohoa kukawa kubaya zaidi.

Siku zilizofuata niliishi kwa kupumua nusu. Kupiga chafya kulikuwa adhabu. Kuponda sombe, yale majani ya mihogo, sikuweza, nikasingizia sare. Kuinua ndoo ya maji sikuweza, nikamwachia yeye, naye akainua bila neno, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu sasa tulikuwa watu wa kuongea. Alikuwa akikaa karibu na mashini akininyooshea vitambaa na kuniambia habari za mume wangu alipokuwa mdogo. Kila nilipomtazama nilijiambia: maumivu haya yatapita, lakini ukimwambia, atarudi kule kule ukingoni mwa mkeka.

Halafu akasema mgongo haupendi kukandwa mara moja tu.

Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Mara ya kwanza sikujua kitakachotokea, wala yeye hakujua. Mara ya pili nilijua. Nilijua mahali pale pamevimba, nilijua siwezi hata kuguswa na nguo. Lakini mafuta yalikuwa tayari kwenye makaa, naye alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, nikaona aibu kumkataa. Nikalala. Alipofika pale pale, nikapiga yowe ambalo jirani walilisikia, na sikuweza kuinuka tena.

Alikimbia nje bila viatu kumwita mtu wa moto, mwenye pikipiki ya kukodi. Tulikwenda kituo cha afya watatu kwenye pikipiki moja, yeye nyuma yangu amenikumbatia kiunoni, na kila tulipoingia shimo alisema, "Nisamehe, nisamehe," kana kwamba hata mashimo ya barabara aliyachimba yeye.

Muganga wa kituo alikuwa kijana mpole mwenye sauti kubwa. Alipitisha vidole taratibu upande ule, akanisikiliza kifuani, kisha akauliza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, "Mbavu mbili zimepasuka. Ulianguka?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilianguka na ndoo."

Akatazama mgongo wangu uliong'aa kwa mawese, wenye alama nyeusi za vidole. "Nani alikukanda?"

Nikavuta nguo nijifunike. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, miguu imejaa vumbi.

"Ni mimi," akasema.

Kijana hakumgombeza. Alishusha sauti, akamweleza kuwa ubavu ni mwembamba, haupendi goti. Mimi akanipa vidonge, akanikataza kujifunga kitambaa kifuani, akasema nijilazimishe kuvuta pumzi ndefu hata kama inauma, na nikipata homa au pumzi ikianza kunipungukia nirudi haraka. Tulirudi nyumbani kwa mguu, polepole.

Tangu siku hiyo alifanya kazi zote. Alichota maji, alipika, aliwaambia wateja mlangoni, "Mushonaji anagonjwa, mumurudilie siku ingine." Lakini mimi hakunigusa tena. Akiniletea chai, anaiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma. Mikono aliifunga ndani ya kikwembe hata wakati wa joto. Mume wangu alipopiga simu nikamsikia mama akimwambia, "Nimevunja bibi yako," yaani mimi mkewe. Nilimwambia mama zaidi ya mara moja kuwa si kosa lake. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote, na ile iliyobaki niliimeza. Nilipoanza kuinama bila kulia, akafunga vitu vyake akarudi Swima.

Baadaye nikasikia kwamba amekataa kukanda watu. Wanakuja na shingo zao na mabega yao, anawaambia mikono imezeeka. Habari hiyo ilinikalia vibaya kuliko ubavu. Nilipoweza kuvumilia pikipiki nikamfuata. Nilimkuta amekaa pembeni ya ndagala alizozianika, anafukuza kuku. Nikakaa karibu naye, nikamwambia.

"Mama, siku ile ya kwanza nilisikia mufupa imepasuka. Nikakuficha."

Akaacha kufukuza kuku. "Siku ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya pili ukalala tena?"

"Nililala."

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

"Nilikuwa nafurahi juu ulikuwa unaongea na mimi."

Nilifikiri nimemtua mzigo. Nilikuja nimejiandaa kwa machozi, labda kukumbatiwa. Akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na nafuu yoyote.

"Sasa mi nitajua namna gani?" akasema. "Muntu analala mbele yangu, anasema ni muzuri, na kumbe niko namuvunja. Miaka yote ile banasema ni muzuri. Ni bangapi banaficha sawa weye?"

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilikwenda kumwondolea kosa moja, nikamwachia mashaka juu ya kila mgongo aliowahi kuugusa maishani. Aliinuka akaingia ndani. Nilibaki na ndagala na kuku mpaka aliponiita kula.

Kumbe hakuishia hapo. Baada ya mimi kuondoka alianza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza: nilipokukanda, uliumia? Wengi walicheka, wakamwambia mikono yake ni baraka. Lakini mwanamke mmoja, rafiki yake wa kwaya, aliinamisha kichwa na kukiri kwamba zamani alishindwa kulalia upande mmoja msimu mzima wa mvua, akaogopa kumwambia kwa sababu ya urafiki. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia hayo, kwenye simu, kwa sauti kavu. Sikujua niombe msamaha kwa lipi.

Hajakanda tena mtu mzima. Watoto wachanga anawapaka mafuta, kwa vidole tu, na wenye mgongo anawaelekeza kituo cha afya. Wapo Swima wanaosema mkaza mwana kutoka mlimani amemharibu. Hawajakosea sana.

Ila ananipigia simu sasa, jambo ambalo zamani hakulifanya. Juzi aliniuliza, "Ubavu?" Nikasema salama. Akanyamaza akingoja, nami nikashindwa kuuvumilia ule ukimya.

"Iko inauma kidogo leo, mama. Nilikata nguo mingi."

"Acha mashini. Lala," akasema, na nikasikia namna alivyopumua kwa uzito. Nikazima mashini, nikalala kama alivyosema, huku nikijuta kwamba nimemharibia tena siku yake.