Lijamu Kando ya Mafiga

Asubuhi za kule Bahati zilikuwa na baridi ya kuuma meno, na mume wangu, saisi aliyetunza farasi wa mzungu mwenye shamba, alikuwa na desturi yake: hakumtia farasi chuma baridi mdomoni. Alikileta nyumbani mapema, ngozi zake zikining'inia, akakipasha joto kando ya mafiga huku mimi nakoroga uji.

Chuma hicho alikiita lijamu. Sisi wengine tulisema kamba ya farasi, ngozi na chuma pamoja, yakaisha. Yeye alitenganisha: ngozi za kushika mkononi ni hatamu, chuma cha mdomoni ni lijamu. Alifunzwa na saisi mzee wa Mombasa, aliyemwambia kwamba jina hilo ni la Waarabu na lilivuka bahari pamoja na farasi. Mimi sikuamini. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, kila mtu na siri yake, na mume mwenye neno lisilojulikana na majirani alininyima usingizi.

Nyapara wa shamba naye hakuamini mtu. Watu walikuwa wakikamatwa kwa kuunda bunduki za vipande vya bomba na makomeo ya milango. Asubuhi moja aliingia kwetu bila hodi, akaona chuma pale jikoni.

"Hii chuma ni ya nini?"

"Ni lijamu, bwana nyapara," mume wangu akajibu.

"Lijamu ni nini? Hiyo ni maneno ya kiapo?"

"Hapana. Ni ya Waarabu. Ilikuja na farasi."

"Waarabu gani wako hapa Bahati?"

Waliochukuliwa kuhojiwa hatukuwaona tena, na mimi nilikuwa na watoto wadogo. Nikamwomba Mungu neno lile liwe la kweli.

"Ni ya kutia kwa mdomo," mume wangu akasema.

"Basi tia."

"Farasi iko kule kwa mzungu."

"Sijasema farasi. Tia wewe."

Akakitia. Nyapara akazishika hatamu, akavuta kushoto, akavuta kulia, na kichwa cha mume wangu kikafuata. Akacheka hadi akajifuta machozi.

"Kumbe ni kweli," akasema, akaenda zake.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu alikitoa chuma, akatema damu, akanitazama kana kwamba mkono uliovuta ulikuwa wangu.