Mbeba Bendera wa Kamachumu

Saa moja asubuhi, ukungu bado umefunika mabonde chini ya Kamachumu. Uledi Zahoro anapanda kilima akiwa na mlingoti begani, mrefu kumpita mara mbili, na bendera nyeupe ya kitambaa cha amerikani imeviringwa kwenye ncha yake. Kando ya njia mlango wa nyumba unafunguka kidogo, kisha unafungwa.

"Umeuona ule mlango?" anamwuliza mwandishi wa habari hii anayemfuata, bila kugeuka. "Sasa hivi mwenye nyumba ametokea uani, anakwenda kuwaambia wenzake kwamba nimekuja."

Hakosei. Kabla hajafika juu, wanaume kadhaa wamekwisha kusimama ukingoni mwa migomba, mikono nyuma, wakimtazama. Uledi anawaamkia kwa Kihaya. Hakuna anayeitikia.

Kazi yake ni kubeba bendera ya wapimaji ramani. Anaisimika mahali anapoelekezwa, na Mzungu mpimaji, aliye kilima cha pili na darubini yake, anaitafuta na kuipima. Hivyo ndivyo nchi yote hii, kutoka Bukoba mjini hadi Muleba, inavyoingizwa kwenye karatasi. Mshahara ni shilingi arobaini na tano kwa mwezi, na katika mwaka huu wa 1953 ni vigumu kupata kazi inayochukiwa zaidi ya hiyo.

Uledi ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Baba yake, Mzee Zahoro, alifika Bukoba kutoka pwani akiwa mpagazi wa wafanyabiashara, akaoa binti wa kijiji cha Kaagya, asirudi tena kwao. Mtoto akakua na Kiswahili cha baba na Kihaya cha mama.

"Mjini mimi ni mtu wa hapa," anasema. "Vijijini naitwa Mswahili. Na tangu niushike mti huu, hata mjini wananipunguzia maneno nikikaribia."

Kila mahali anapopita, watu wana hofu yao. Mjini Bukoba, Bwana Nurmohamed, mwenye duka aliyemuuzia kitambaa cha bendera, alipima kitambaa polepole huku akiuliza kama maduka ya mtaa wake yatahamishwa. Alipojibiwa kwamba Uledi hajui, alikunja kitambaa akasema, "Unajua. Umekatazwa kusema."

Kule Kemondo, wavuvi walimwuliza kama ufuko wao utajengwa maghala. Hawakungoja jibu. Walikusanya nyavu zao wakaenda kuzianika mbali, mahali ambapo asingeweza kusikia wanachozungumza.

Lakini kilichomuuma zaidi kilitokea Kaagya, kijijini kwa mama yake, ambako nyumba zimekaribiana hivi kwamba mtu hutembea chini ya migomba na mibuni kutwa nzima asichomwe na jua. Mpimaji alitaka majina ya mito. Uledi akaenda kwa mjomba wake, Ndyamukama.

"Mjomba wangu mwenyewe aliniambia mto ule hauna jina," anasimulia. "Mto nilioogea utotoni! Nikamwambia, 'Mjomba, jina lake nalijua.' Akanijibu, 'Kama unalijua, waitu, umekuja kuniuliza nini?'"

"Waitu" ni neno la heshima kwa Wahaya. Uledi anasema siku ile lilimchoma kuliko tusi, kwani mjomba alilitamka kama anasema na mgeni.

Ndipo Uledi na wapimaji walipopanda Kamachumu, na huko akakutana na Felicitas.

Felicitas ni mjane. Kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kimepakana na rweya, ule uwanda wa nyasi unaotenganisha kijiji na kijiji. Katikati ya kibanja umesimama mtoma mkubwa, mti ambao wazee walikuwa wakitengeneza nguo kwa magome yake. Chini yake amezikwa mumewe. Mti huo ulikuwa unaziba macho ya darubini, na mpimaji akaagiza ukatwe.

Uledi ndiye aliyetumwa kumpa taarifa mwenyewe. Alimkuta mlangoni ameshika panga la kukatia migomba.

"Wewe una mti wa baba yako wapi?" Felicitas alimwuliza.

"Sina, mama. Baba yangu amezikwa mjini."

"Basi nenda ukakate huko."

Uledi akarudi kilimani mikono mitupu. Anakiri hakuwa na ushujaa wowote. Alikuwa akiliogopa panga. Alimwambia mpimaji kwamba chini ya mti kuna kaburi. Mpimaji akafikiri, akasema kama bendera itaonekana juu ya kilele cha mti, ataipima hapo hapo na mti utabaki. Lakini ionekane kabla mvua haijafika, kwani mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani.

Felicitas alipoelezwa, alikubali kwa kichwa. Uledi akavua viatu, akajifunga bendera mgongoni, akapanda.

Wanakijiji hawakuwa wamesikia mapatano hayo. Walichokiona ni kitambaa cheupe kikipepea juu ya kaburi la ndugu yao.

"Walipiga yowe," anasema Uledi. "Kwao bendera ni bendera. Mtu akisimika bendera, amechukua nchi."

Watu wakajaa kibanjani. Shemeji wa Felicitas, Kamugisha, alikuja na shoka. Alisema kama Mswahili hashuki, atamshusha pamoja na mti. Shoka la kwanza lilipotua kwenye shina, Uledi alihisi mti mzima ukitikisika. Alikumbatia tawi, akafumba macho.

Hakusikia shoka la pili. Alipotazama chini, alimwona Felicitas ameliegemea shina kwa mgongo, mikono ameitandaza.

"Umekuja kumtetea mumeo kwa kuukata mti wake?" alikuwa akimwuliza shemeji yake. "Mwache. Atashuka mwenyewe."

Kule kilimani kioo kikameta, ishara kwamba bendera imeonekana. Uledi alishuka, akamshukuru mama yule kwa kumwokoa.

Mwandishi wa habari hii alipomwuliza Felicitas kuhusu siku hiyo, hakutabasamu. "Sikumkinga yeye," alisema. "Niliukinga mti."

Hata hivyo, tangu siku hiyo alianza kumsemesha, na swali lake la kwanza Uledi hakuweza kulijibu: rweya imeandikwaje kwenye ile karatasi? Rweya ndiko ng'ombe hulishwa, ndiko nyasi za kuezekea hukatwa, na ndiko wanawake hulima njugu mawe zamu kwa zamu, wakiipumzisha ardhi miaka mingi kati ya kilimo na kilimo.

"Mwulize bwana wako," alisema Felicitas. "Au unaogopa?"

"Ninaogopa," Uledi alimjibu. "Njoo barazani uulize mwenyewe. Mimi nitatafsiri."

Wakati huo Uledi alikuwa pia mkalimani. Mpimaji alisema Kiswahili, naye akakigeuza Kihaya, na kwa hiyo aliongezewa shilingi chache. Siku ya baraza, mpimaji alipokutana na wanakijiji, Felicitas alisimama kutoka upande wa wanawake, akauliza. Mpimaji akatazama karatasi yake, akajibu bila ubaya wowote usoni: "Pale ni patupu."

Karani aliyekaa karibu alimnong'oneza Uledi aseme "malisho". Uledi anasema alilitamani neno hilo. Lingempa amani, na jioni angekwenda kula chakula chake.

"Lakini yule mama alikuwa ananitazama," anasema. "Nikasema kama nilivyosikia. Anasema pale ni patupu."

Mzee mmoja akasimama, akavaa kofia, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kuaga. Kesho yake Uledi aliambiwa kwamba ukalimani umepata mtu mwingine. Yeye abaki na bendera.

Mkewe, Mariamu, anayefuma mikeka mjini Bukoba, hakulipokea jambo hilo vizuri. "Nilimwuliza, wale watu wangekushukuru nini?" anasema. "Hawakumpa hata ndizi."

Kweli hawakumpa. Lakini asubuhi chache baada ya baraza, Uledi alipofika juu na bendera, aliona rweya imejaa wanawake. Walikuwa na majembe, wamejipanga kutoka kibanja hadi kibanja, wakipindua nyasi. Felicitas alikuwa mbele, na Kamugisha alikuwa akikata vichaka kando yake.

Mpimaji, ambaye siku hiyo alikuwa kilima kile kile, aliweka jicho kwenye darubini kwa muda mrefu. Kisha akamwita Uledi.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanalima, Bwana."

"Juzi hawakuwepo."

"Leo wapo."

Mzungu akachukua mpira wake wa kufutia, akainama juu ya karatasi.

"Nilimwona anafuta," anasema Uledi, akiteremsha sauti ingawa hapa kilimani hakuna mtu mwingine. "Alichoandika badala yake sikukiona. Alikikinga kwa mkono. Labda alikuwa anazuia upepo. Sijui."

Ameshaomba kwamba ramani ikichapishwa, nakala moja iletwe Kamachumu itundikwe barazani. Amejibiwa kwamba itachapishwa mbali na itachukua muda. Hajaridhika. Anasema kazi ikiisha atafuatilia mwenyewe, hata kama itabidi ainunue, ailete huku kwa miguu, aitandaze mbele ya watu.

Felicitas ameusikia mpango huo. Anaufikiria akiwa ameegemea jembe, udongo mbichi umemfika magotini.

"Ikija, nitakwenda kuitazama," anasema. "Atanionyesha kwa kidole mahali nilipo." Anatema mate kiganjani, anashika mpini. "Mpaka siku hiyo, sisi tunalima."